Kibaba cha Ziada kwa Asiyekula Nyama

Ninyi mnaopika sasa kwenye kambi za reli huko mbele, njia ya Tabora, mmenitumia salamu mara tatu mkiniuliza kama ni kweli niliwahi kumponya Fundi Jivan kwa dawa ya Kirangi. Si kweli. Nilimponya kwa njugu mawe, baada ya mimi mwenyewe kukaribia kumwangusha kwa ugali. Habari ikipita midomo mingi hugeuka, kwa hiyo nimeona niiandike kwa mkono wangu. Mwaka huu nimeweka mwiko chini, niko nyumbani Kondoa, na sina la kuwahi ila sala za adhuhuri na alasiri.

Nilianza kazi hii wakati mizigo yote ya bara ilipanda vichwani mwa watu. Msafara wangu wa kwanza ulikuwa na wapagazi sitini, na mpishi mkuu alikuwa Mzee Feruzi, mtu wa Bagamoyo, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyethubutu kuikatiza. Siku yangu ya kwanza jikoni, tulipotua Mpwapwa, alinikabidhi sufuria la chuma ambalo ningeweza kuoga ndani yake, akaniambia nisonge ugali. Nilisonga kwa nguvu zote za ujana. Chini nikaunguza, juu ukabaki mbichi. Wapagazi waliula, kwa maana aliyetembea na mzigo tangu alfajiri hachagui, lakini walinipa jina la Bwana Ukoko, na jina hilo lilinifuata mpaka Kilimatinde.

Mzee Feruzi hakunigombeza. Kesho yake aliinamisha sikio juu ya sufuria, akaniita. "Njoo usikie. Maji yakinong'ona, bado. Yakikoroma, tia unga." Mpaka leo napika kwa sikio kuliko kwa jicho. Alinifundisha kupanga mafiga kwa kuutazama upepo, kufukua maji kwenye mchanga wa korongo lililokauka, na kusugua mwiko kwa majivu. Kibaba chake, kile kipimo cha mti cha kupimia posho, kilikuwa kimelika ukingoni kwa miaka ya kukwangua unga. Alipoacha safari alinipa kibaba hicho, na pamoja nacho akanipa kanuni zake zote. Moja ya kanuni hizo ndiyo inayotuleta kwenye habari yetu.

Kanuni yenyewe ni hii: asiyekula nyama, mwongezee kibaba cha unga, asinung'unike.

Katika msafara hawakukosekana watu wa namna hiyo. Wengine walikatazwa mnyama fulani na ukoo wao. Wengine, kama mimi, tulikuwa Waislamu, na akichinja mtu asiye wa dini yetu hatukuigusa. Hapo ilikuwa rahisi: wao walipata nyama, sisi tukapata unga zaidi, na hakuna aliyesema mwenzake kapendelewa.

Nieleze pia jambo moja ambalo nitalihitaji mbele. Safari ya pili au ya tatu, rafiki yangu mmoja aliniona nimekonda, akanihurumia. Akanitilia kwenye kunde zangu mchuzi wa mbuzi aliyekufa njiani bila kuchinjwa. Aliniambia siku ya tatu yake, akicheka, akidhani nitashukuru kwa kuwa nimepata nguvu. Sikumpiga. Nilikwenda nyuma ya kichaka, nikakaa huko mpaka msafara ulipoanza kufunga mizigo. Tangu siku hiyo sikula tena chunguni mwake, na mpaka anakufa hakujua vizuri alinikosea nini.

Basi, reli ikaja. Misafara ikafa, na wapishi wake tukahamia kambini. Mimi nilipangwa kambi ya Zuzu, magharibi ya Dodoma, palipokuwa pakijengwa daraja la mawe juu ya korongo. Kiangazi korongo hilo ni mchanga mtupu, unaweza kulivuka umevaa kanzu nyeupe. Masika linabeba miti. Ndiyo sababu Bwana Injinia, Mdachi mrefu aliyekuwa akitembea na saa mkononi kama watu wengine wanavyotembea na tasbihi, alitaka tao la daraja lifungwe kabla ya mvua ya kwanza.

Fundi mkuu wa mawe alikuwa Jivan. Alikuwa Banyani, anakaribia miaka hamsini, mwenye viganja vipana na maneno machache. Alilitazama jiwe kama mfugaji anavyomtazama ng'ombe, akalizunguka, akaligonga mara moja kwa tindo, ile patasi ya mawe, likapasuka pale pale alipotaka. Nyama hakula, samaki hakula, yai hakula. Alikuja na magunia yake mawili ya dengu na debe la samli, na alijipikia mwenyewe pembeni, kwa chungu chake. Mwanzoni hakuwa na shida yoyote. Alipanda mlima wa mawe asubuhi na kushuka jioni akiimba.

Mwezi wake wa tatu kambini, fukusi waliingia kwenye dengu. Alipofungua gunia la pili alikuta unga na mabawa. Samli nayo ilikuwa imekwisha. Akaagiza nyingine pwani, lakini mabehewa yalileta vyuma na saruji kwanza, na dengu hazikuonekana. Alikuja jikoni kwangu siku hiyo amebeba sahani yake.

"Mpishi, sasa mimi mgeni wako," alisema.

"Karibu, Fundi. Hapa hutalala na njaa."

Nikachukua kibaba cha Mzee Feruzi, nikampimia posho yake, kisha nikamwongezea kibaba kizima juu. Nilijisikia mkarimu. Ugali wa uwele, mlima wake, na mlenda wa majani makavu pembeni. Alikula, akashiba, akashukuru. Ikawa hivyo kila siku, kwa muda wa miezi miwili.

Vijana wangu, someni hapa polepole. Mtu yule hakulala na njaa hata siku moja. Tumbo lake lilikuwa limejaa kama ngoma. Lakini mabega yalianza kushuka. Mashavu yakaingia ndani. Kidonda kidogo cha kidole, alichojikata kwa jiwe, kilikaa wiki tatu bila kufunga. Akawa anakaa chini kati ya jiwe na jiwe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Halafu siku moja nilipowapelekea maji niliona nyundo inatetemeka mkononi mwake, na tindo likateleza, na jiwe zuri la tao, kazi ya siku nne, likaondoka pembe.

Nami nilifanya nini? Nilimwongezea kibaba cha tatu.

Bwana Injinia naye aliiona ile pembe. Alimwita Fundi, na mimi nilikuwa karibu, kwa hiyo nilisikia. Alimwambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba anampa mwezi mmoja. Mkono ukiendelea kutetemeka, atamrudisha pwani na kumleta fundi mwingine, kijana.

Jioni hiyo Fundi Jivan hakugusa sahani.

"Si kazi ninayoililia," aliniambia. "Kazi nitapata nyingine, hata ya kupanga matofali. Lakini tao hili nimelichora mimi, kila jiwe nimelichagua mimi. Nilitaka nilifunge kwa mkono wangu. Mtu mwingine akilifunga, mimi nimejenga nini? Nimejenga pande mbili zisizokutana."

Mnyapara wa wakata mawe alikuwa Mihambo, Mnyamwezi mcheshi, mwenye moyo mwema na ushauri mbaya. Alinifuata jikoni.

"Mpishi, mbona unahangaika? Una mifupa ya ng'ombe hapo. Chemsha, chuja, mtilie kwenye mlenda. Mlenda hauonyeshi kitu. Baada ya wiki mbili atakuwa anarusha mawe."

Sitasema uongo: nilisimama na kutazama ile mifupa. Mwezi mmoja ni mfupi, na nilimpenda yule mtu. Lakini nilikumbuka kichaka changu, nikajua kwamba Fundi angepata nguvu na kupoteza kitu ambacho mimi sikuwa na chungu cha kukipikia.

"Hapana, Mihambo. Mtu akikupa tumbo lake ulilishe, kakufanya mlinzi wake. Sitamwibia."

"Basi mwongezee unga," alisema Mihambo, akaondoka anacheka.

Msaada ulikuja asubuhi, ukiwa na vibuyu viwili vya maziwa kichwani na mkononi. Mama Chilewa alikuwa mwanamke wa Kigogo wa kijiji cha jirani, mwenye ng'ombe wachache na ulimi mwingi, aliyetuletea maziwa kambini. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo yeye na Mihambo hawakuwahi kupishana kimya.

"Mbukwa!" alituamkia kwa Kigogo, akatua vibuyu. "Huyu Mnyamwezi bado hamjamtwika mzigo? Ataugua."

"Nyie Wagogo ng'ombe akikohoa mnaitisha mkutano," alijibu Mihambo. "Njoo utazame fundi wetu, labda utamwombea mvua."

Mama Chilewa alimtazama Fundi, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe na sahani yake ya asubuhi. Akatazama ule mlima wa ugali. Akanigeukia mimi, na utani ukamtoka usoni.

"Mpishi, huyu nani anamlisha?"

"Mimi, mama. Hali nyama, kwa hiyo namwongezea unga."

"Unga juu ya unga?"

"Ndiyo. Ndiyo kanuni."

"Kanuni ya nani? Unamjaza kama gunia. Gunia likijaa, umewahi kuliona likinyanyua nyundo?"

Wakata mawe walicheka. Mimi sikucheka, lakini nilimpa kigoda, maana nilihisi kwamba hapa kuna darasa.

Alinieleza kama ninavyowaeleza ninyi. Kwao nyama si chakula cha kila siku. Ng'ombe ni mali, mahari na heshima. Anachinjwa kwa sababu, na mbuzi vilevile. Miezi inapita mtu hajaona mnofu, na bado wazee wao wanalima. Wanalima kwa sababu shambani kwao uwele haukai peke yake: pembeni kuna kunde, kuna njugu mawe, kuna karanga. Na chunguni haukai peke yake pia.

"Ugali ni moto," alisema. "Unakupa mwendo. Kunde na njugu ndizo zinazoshika nyama ya mwili wako isianguke. Ukimpa moto tu bila kuni mpya, mwili unachoma nini? Unachoma nguzo za nyumba. Ndiyo hayo mabega unayoyaona."

"Lakini vijana wengine hapa wanakula hivyo hivyo, mbona wazima?"

"Vijana! Kijana ukimlisha hata majani atasimama. Mwili wa mtu mzima ni kama ng'ombe mzee wakati wa kiangazi. Majani anakula, lakini nyama haipandi mpaka umchagulie yaliyo bora, na umpe mara kwa mara."

Hapo ndipo nilipoielewa kanuni ya Mzee Feruzi, na mpaka wapi ilikuwa kweli. Msafarani, asiyekula nyama alipewa unga wa ziada, lakini kesho yake tulipita kijiji kingine, na mwenyewe akabadilishana unga ule kwa kunde, kwa karanga, kwa maziwa. Unga ule haukuwa chakula tu, ulikuwa kitu cha kubadilishana. Kambini Fundi hakwenda popote. Aliula wote. Mwalimu wangu hakukosea. Mimi ndiye niliyebeba kanuni ya njiani nikaiweka mahali pasipo safari, na sikuitazama tena.

Nilikwenda kumuuliza Fundi kwa nini hakuniomba kunde.

"Nilidhani nchi hii ina unga na ng'ombe tu, na maziwa ni ya Bwana Injinia," alisema. "Na wewe, kila nikidhoofika, unaleta unga kwa furaha sana. Niliona aibu kukataa."

Siku hiyohiyo nilibadilisha vibaba viwili vya unga kwa kikapu cha njugu mawe, na nikakosea kwa mara ya pili. Nilizichemsha pishi nzima, yaani vibaba vinne, bila kuziloweka, nikatia magadi mengi ili ziwahi kuiva, nikampa zote jioni, bakuli lililofurika. Sitaeleza yaliyotokea tumboni kwake. Itoshe kusema kwamba kesho yake hakupanda mlima wa mawe kabisa, na wenzake wa hema walilala nje kwa hiari yao.

"Mlishe mtu," alisema Mama Chilewa aliposikia, "usimlipue."

Basi hivi ndivyo tulivyofanya baada ya hapo, na hivi ndivyo ninavyowaomba mfanye, msifuate kwa macho yaliyofumbwa kama mimi nilivyofuata kibaba. Njugu mawe na kunde kavu zilowekwe tangu jioni, asubuhi maji yale yamwagwe. Magadi ni ya kushika kwa ncha mbili za vidole, au yaachwe kabisa. Moto uwe mdogo, mpaka punje isagike kati ya ulimi na kaakaa, kwa sababu watu wa umri ule meno nayo yana madai yake. Na chakula kigawanywe. Asubuhi, uji wa uwele uliokorogwa na karanga zilizosagwa. Mchana, kunde na ugali kiasi cha ngumi mbili tu. Alasiri, maziwa. Jioni, njugu mawe, na mlenda uliotiwa karanga mpaka ukashika. Anza kidogo, ongeza kila baada ya siku chache, na tumbo litajifunza.

Kwenye maziwa palitokea mzozo. Fundi alitaka yachemshwe, kama kwao. Mama Chilewa alikuwa na mwiko wa nyumbani kwao: maziwa ya ng'ombe wake yasiguse moto, asije ng'ombe akakauka. Mimi nilikuwa na mwiko wangu wa kuchinja, Fundi alikuwa na wake wa nyama; jikoni kwangu kulikuwa na miiko mingi, na ya kusongea ugali ilikuwa miwili tu. Walibishana, kila mmoja kwa upole wa mtu asiyekusudia kukubali. Mwishowe Fundi aliuliza kama yanaweza kugandishwa kwenye kibuyu bila moto. Mama Chilewa alimshangaa.

"Kwani nyinyi huko kwenu mnakula maziwa ya mgando?"

"Kila siku, mama. Tangu utotoni."

"Sasa miezi yote hii ulikuwa unaugulia nini, mwanangu?" alisema. Kuanzia hapo akawa anamwita mwanangu, ingawa sidhani kama walipishana miaka mitano.

Fundi naye alitufundisha la kwao. Alizifunga choroko zilizolowekwa ndani ya kitambaa chenye unyevu, akaziacha siku mbili zikatoa mkia mdogo mweupe, akazila hivyo na chumvi. Mihambo aliapa kwamba mtu anakula shamba zima kabla halijaota. Wiki iliyofuata nilimkuta anazidokoa.

Wiki ya kwanza sikuona kitu, na ninawaambia ili msikate tamaa. Wiki ya pili kidonda cha kidole kilifunga. Wiki ya tatu nilisikia nyundo. Nilisema kwamba mimi hufanya kazi kwa sikio. Nilikuwa nasonga ugali, na kutoka korongoni ukaja mdundo uleule wa zamani: mmoja, kimya, mmoja, kimya, bila kutetemeka. Mihambo alisimama mlangoni mwa jiko akiwa na choroko mdomoni, tukasikiliza pamoja.

Siku ya mwisho wa ule mwezi, Bwana Injinia alishuka korongoni na saa yake. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa mashariki. Jiwe la kati, linalofunga tao, lilipandishwa kwa kamba, na wanaume sita waliishika. Bwana Injinia alimtazama Fundi, akamtazama na fundi kijana aliyekuja na gari la moshi la siku ile, amesimama pembeni na zana zake zikiwa bado zimefungwa.

"Mikono," alisema Bwana Injinia.

Fundi Jivan aliinyoosha mikono yote miwili mbele, viganja chini. Mdachi aliitazama kwa muda niliouona mrefu kuliko safari ya Kilimatinde. Kisha akafunga kifuniko cha saa, akaitia mfukoni, akarudi nyuma hatua mbili.

Fundi alipanda. Aliliongoza jiwe kwa kiganja, akalinong'oneza kitu kwa lugha yao, akalikung'uta kwa nyundo ya mti mara tatu. Liliingia kama punje kwenye ganda lake. Fundi kijana alikuwa wa kwanza kupiga makofi, na namheshimu kwa hilo.

Aliposhuka, watu wakimshika mabega, alinitafuta mimi kwa macho.

"Mpishi, leo kuna nini?"

"Njugu mawe, Fundi."

"Na unga?"

"Ngumi mbili."

"Hata leo?"

"Hata leo."

Mvua ilinyesha baada ya siku tisa, korongo likabeba miti yake, na tao halikutikisika. Kabla hajahamia kambi nyingine, Fundi alilichukua lile jiwe lililovunjika pembe siku nyundo ilipotetemeka, akalichonga bonde katikati, akaniletea. Ni jiwe la kusagia. Alisema halikufaa kwa daraja lakini litafaa kwa karanga.

Ninalo hapa Kondoa. Nyama ya halali hapa haikosekani, lakini magego yangu yamebaki mawili na hayatazamani, kwa hiyo siku nyingi nakula kama Fundi alivyokula, na namshukuru Mungu mabega yangu bado yako mahali pake. Kibaba cha Mzee Feruzi sikukitupa pia. Kimekaa juu ya jiwe lile, na kila jioni, kabla ya kulala, nakijaza kunde, nakitia maji, nakiacha mpaka asubuhi.